Cyangugu au Rusizi? Majina ya Miji na Kumbukumbu Zetu

Cheti cha baba yangu kinasema alizaliwa Cyangugu. Mimi nilizaliwa baada ya mwaka 2006, na changu kinasema Rusizi. Mji ni ule ule, ukingoni mwa Ziwa Kivu, ukitazamana na Bukavu. Katika insha hii nitaeleza kwamba jina la mji linaweza kubadilishwa kwa amri ya siku moja, ila kulisahau huchukua vizazi.

Nianze mbali kidogo. Warumi walipoiteka Galia, ambayo sehemu yake kubwa ni Ufaransa ya leo, waliwakuta Waselti na majina yao. Lyon iliitwa Lugdunum, na "dunum" linatokana na neno la Kiselti la ngome. Mji mwingine ulipewa jina la Kaisari Augusto, likaunganishwa na neno hilo hilo: Augustodunum, ambao sasa ni Autun. Trier iliitwa Augusta Treverorum, yaani mji wa Augusto katika nchi ya Watreveri. Leo Kaisari ametoweka katika jina hilo, kabila limebaki. Lutetia nayo ikawa Paris, kutokana na kabila la Waparisi.

Kwetu pia mambo yalikwenda hivyo. Wabelgiji waliiita Bukavu Costermansville, kwa heshima ya ofisa wao Paul Costermans, na Butare wakaiita Astrida, kwa jina la malkia wao Astrid. Majina yote mawili yameondoka pamoja na wenyewe.

Mabadiliko ya mwaka 2006 yalikuwa ya namna nyingine. Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Cyangugu ikawa Rusizi. Huye na Rubavu ni milima; Rusizi ni mto unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Livingstone na Stanley walipofika kwenye mlango wake mwaka 1871, walikuta wenyeji wakiuita hivyo. Hata umbo la jina ni la nyumbani: tunasikia Ru- hiyo katika Rubyiro na Ruhwa, na huko Tanzania katika Rufiji, Ruvuma na Ruaha.

Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa kuwaepusha manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994 na majina yanayowakumbusha mahali walipouawa jamaa zao. Sababu hiyo naiheshimu. Lakini siku moja nilimsahihisha bibi yangu: "Bibi, siku hizi ni Rusizi." Akanijibu, "Rusizi ni mto, mjukuu wangu. Watoto wangu niliwazaa Cyangugu." Sikuwa na la kusema. Kanisa Katoliki nalo bado lina Jimbo la Cyangugu, lililoundwa mwaka 1981.

Kwetu sisi wanafunzi wa historia, jambo hili lina matokeo. Anayetafuta "Rusizi" katika nyaraka za kabla ya 2006 atapata habari za mto, na mji wake utampita. Anayemhoji mzee kwa jina jipya pekee atamfanya ajione mgeni kwao.

Kwa kuhitimisha, napendekeza tuandike majina yote mawili, kila moja na miaka yake. Jina jipya linamsaidia aliyeumia apumue; jina la zamani linatuwezesha kumwelewa anaposimulia. Nimeacha kumsahihisha bibi. Siku hizi namuuliza, "Cyangugu ilikuwaje?" naye anaanza kusimulia.