Kiswahili Kabla ya Safari: Darasa la Berlin

Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani aliyejiandaa kwenda Afrika Mashariki akiwa ofisa, askari au mmisionari hakulazimika kusubiri hadi atie mguu Dar es Salaam ndipo aanze Kiswahili, kwa kuwa mwaka 1887 serikali yake ilikuwa imefungua mjini Berlin Seminar für Orientalische Sprachen, yaani Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichoambatanishwa na chuo kikuu cha mji huo. Humo Kiswahili kilisomeshwa sambamba na Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Mwalimu wake wa kwanza, Carl Gotthilf Büttner, alikuwa mmisionari aliyetumikia Namibia ya leo na kukijua Kiherero, kwa hiyo ngeli za Kibantu hazikumbabaisha. Tena alikwisha kutanguliwa na sarufi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1850 na kitabu cha lugha hiyo cha mmisionari Steere cha mwaka 1870.

Profesa alieleza sarufi kwa Kijerumani, lakini matamshi, mazungumzo na usomaji vilitegemea msaidizi mwenyeji wa lugha, aliyeitwa Lektor na kuwekwa daraja la chini, ingawa bila yeye darasa lingebaki na majedwali tu. Kazi nzito kupita zote ilikuwa kusoma barua za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo katika umbo lake la zamani hazikuwa na alama za p, ch wala v, zilitumia alama moja kwa i na e na nyingine moja kwa u na o, na mara nyingi ziliiacha m iliyotangulia b. Kwa namna hiyo neno “bibi” na neno “pembe” yangeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji asiyeijua lugha tayari asingekuwa na njia ya kuyatenganisha: hati iliyotumiwa kumfunza mgeni ilimtaka awe amekwisha kujifunza. Kwa haja hiyo Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili kwa hati hizo.

Mmoja wa wasaidizi hao, Amur bin Nasur, kutoka Unguja, alikaa Berlin kuanzia mwaka 1891 kwa muda wa miaka minne hivi, na habari alizoandika kuhusu maisha yake zikaingia katika vitabu vya kusomea. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika baadaye, zama za Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili chuoni hapo baada ya Büttner na aliyewahi kuwa mkalimani wa gavana huko Dar es Salaam. Maandishi ya Mtoro ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Jina la Velten ndilo lililowekwa mbele, jambo ambalo haki yake inatia shaka. Mtoro aliacha kufundisha mwaka 1905, baada ya kudharauliwa na baadhi ya wanafunzi kwa sababu ya rangi yake, wanafunzi walewale waliomhitaji ili wapate kusema na watu wa kwao.

Kitabu chake, kilichokusudiwa kuwapa wageni mwanga kabla ya safari, kimeishia kuwa chanzo kikuu cha wanahistoria wa pwani ya Mrima kuhusu ndoa, ngoma, utumwa na malezi, na mwaka 1981 kikatolewa kwa Kiingereza kwa tafsiri ya J. W. T. Allen.