Kwa nini feni za pawa saplai hulia Nakuru

Leo tuziache programu kidogo, tuongee kuhusu sanduku lenyewe.

Kila fundi wa kompyuta mjini Nakuru anaujua mlio huo. Ukiwasha mashine asubuhi, feni ya pawa saplai inakoroma, inatulia ikipata joto, na baada ya miezi michache hainyamazi tena. Wengi hulaumu mitumba. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini historia yake inaanzia mbali zaidi.

Kompyuta za mezani hazikuzaliwa na feni. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa nayo. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, iliweka feni ndani ya pawa saplai ya wati 63.5. Mwaka 1995 Intel ikaleta muundo wa ATX. Mwanzoni muundo huo ulitaka feni ipulize kuelekea ndani ili kupoza prosesa, lakini hewa hiyo ilikuwa tayari imepashwa joto na pawa saplai. Watengenezaji wakarudi kwenye feni inayotoa hewa nje. Basi hewa huingia kwa kila upenyo wa sanduku, na nyingi hutokea kwenye pawa saplai. Ikibeba vumbi, vumbi nalo hupita hapo hapo.

Sasa njoo Nakuru. Jina lenyewe husemwa linatokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Kabla maji ya ziwa hayajapanda sana kuanzia mwaka 2010, kulikuwa na miaka ya ukame ambapo ziwa lilipungua na upepo kurusha vumbi jeupe la magadi. Ukielekea Elmenteita, pale Kariandusi kuna machimbo ya diatomaiti, yaani mabaki yenye silika ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Ongeza majivu ya volkano kwenye udongo, utaelewa beringi inasagwa na nini.

Halafu kuna mwinuko. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile, uzito wa hewa inayosukuma unapungua kwa kiasi hicho.

Katika miaka ya 2000, shule na saiba nyingi nchini zilitegemea kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo. Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002, ilizikarabati kwa ajili ya shule. Mashine iliyotumika miaka kadhaa huja na feni ambayo mafuta yake yameanza kukauka. Vumbi linamalizia kazi.

Fundi hubandua stika ya feni na kudondosha mafuta ya cherehani. Hiyo ni dawa ya muda tu, kwani mafuta mepesi hukauka na kunasa vumbi. Dawa ya kudumu ni feni mpya ya ukubwa ule ule, mara nyingi milimita 80, volti 12, iliyofungwa ikielekea upande ule ule wa ya zamani. Usichague ile ya kimya kuliko zote. Feni ya polepole kwenye hewa nyepesi itakupa utulivu, kisha kapasita zitafura kwa joto.

Na tahadhari: umeme wetu ni volti 240, na ndani ya pawa saplai kapasita kubwa hushikilia karibu volti 340. Umeme huo unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na unaweza kuua. Chomoa, subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Kama hujui kupima, nunua pawa saplai nzima.

Ukishamaliza, iinue kompyuta kutoka sakafuni. Vumbi huanzia huko. Haya, tuonane.