Wenye majina na kesi zisizofika mwisho

Jina kubwa likitajwa katika kesi ya jinai Mombasa, watu hugawanyika mara moja. Kuna wanaosema wakubwa hawaguswi, na kuna wanaosema wanaandamwa kwa sababu wanajulikana. Ukifuata yaliyotokea Likoni na Kisauni tangu 1997, kila upande una ushahidi wake. Ila kuna jambo linalowaunganisha waliodekezwa na walioonewa: karibu wote hawakupata kesi iliyosikilizwa hapa nyumbani hadi hukumu. Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe, na inawaumiza wananchi kuliko inavyowaumiza watuhumiwa.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi sita na kuondoka na bunduki. Ghasia zilizofuata, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, ziliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha maelfu kwa maelfu, wengi wao wakiwa watu wa bara waliokuwa wamepanga au kujenga Likoni. Vijana walikamatwa kwa wingi wakapelekwa kortini. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilisikiliza mashahidi, ikawataja wanasiasa na kutaka wachunguzwe zaidi. Ripoti yake ilifungiwa hadi 2002. Hakuna mwanasiasa yeyote mkubwa aliyehukumiwa kwa damu ile. Aliyebeba panga alipelekwa mahakamani. Aliyetajwa kuwa nyuma yake aliishia kwenye kurasa za ripoti.

Miaka kumi na mitano baadaye, Kisauni ilishuhudia kinyume chake. Sheikh Aboud Rogo alikuwa ameshtakiwa kuhusiana na shambulio la hoteli ya Paradise, Kikambala, la Novemba 2002, na mwaka 2005 mahakama ikamwachilia. Mapema 2012 alishtakiwa tena katika kesi nyingine, akapewa dhamana. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, kesi ikiwa bado inaendelea, alimiminiwa risasi akiendesha gari katika barabara ya Malindi, mkewe akiwa naye. Mombasa ikawaka moto kwa siku kadhaa. Mwenzake, Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, alitangaza wazi kwamba yeye pia angeuawa. Jioni ya tarehe 1 Aprili 2014 alitoka katika mahakama ya Shanzu, jirani na gereza la Shimo la Tewa, na akauawa kwa risasi papo hapo kando ya barabara. Hatua chache zilimtenganisha na kizimba, na chache nyingine na jela. Polisi walikana kuhusika katika vifo hivyo. Waliofyatua risasi hawajahukumiwa.

Wapo watakaosema wawili hao hawakustahili kuhurumiwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewawekea vikwazo kwa tuhuma za kulisaidia kundi la al-Shabaab la Somalia, mahubiri yao yaliwasha hasira, na mashahidi wa kesi za ugaidi huogopa kujitokeza. Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza: mzazi ambaye mwanawe alitoweka kwenda Somalia ana haki ya kukasirika. Lakini mzazi huyohuyo ndiye aliyenyimwa majibu. Nani aliandikisha vijana, nani alitoa nauli, pesa zilitoka wapi? Maswali hayo yalihitaji mashahidi wahojiwe na stakabadhi zifunguliwe mbele ya hakimu. Risasi iliyafunga yote, na kwa wafuasi wao ikawageuza washukiwa kuwa mashahidi wa dini. Serikali yenye ushahidi hupoteza zaidi mshtakiwa anapouawa kuliko anapoachiliwa.

Kisha ikaja zamu ya wenye fedha. Novemba 2014, ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa kwa ombi la Marekani kuhusu mihadarati. Walipata dhamana, na kesi ya kuwapeleka Marekani ikaahirishwa hadi ikapita miaka miwili. Mwisho wa Januari 2017 waliondolewa nchini ghafla na kupelekwa New York, kesi ya hapa ikiwa haijaamuliwa. Walikiri mashtaka, Baktash akafungwa miaka 25, Ibrahim 23. Kuna wanaoona haki ilitendeka, na kwa familia za Kisauni na Likoni zilizowapoteza watoto kwa heroini, faraja hiyo inaeleweka. Hata hivyo, waendesha mashtaka wa Marekani waliieleza mahakama ya New York kwamba hongo ilitolewa kwa maafisa wa Kenya, majaji na mahakimu wakiwemo, ili kesi icheleweshwe. Kuwaondoa washtakiwa kwa ndege kuliikwepa mahakama iliyotuhumiwa kununuliwa, hakukuisafisha. Aliyeshikwa na misokoto michache Likoni bado anapelekwa mbele ya mahakama hiyohiyo, bila wakili, na kesi yake haikawii kuamuliwa.