Kodi Tatu

Agosti iliyopita nilikuwa Same kwa baba mdogo, na kwenye simu yangu kulikuwa na kodi tatu. Kila kodi na ligi yake. Mpira wa Uingereza ulikuwa unaanza wiki hiyo, na mimi niliyecheza peke yangu msimu uliotangulia niliamua safari hii nibashiri na watu. Nikajisemea kwa sauti, "Sijui niingie kwa kodi ipi." Baba mdogo alikuwa barazani anachambua tangawizi iliyoteremshwa kutoka Mamba. Akainua kichwa. "Kodi gani tena, mwanangu? Kodi sisi tuligombana nayo zamani, hapo hapo bomani."

Nitarudi kwenye kodi yake. Kwanza zangu.

Kwa asiyeujua mchezo wa Fantasy Premier League: unapewa paundi milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, wasiozidi 3 kutoka klabu moja, na wanachofanya uwanjani kinakuwa pointi zako. Nahodha wako huhesabiwa mara mbili. Ulianza msimu wa 2002/03 na kuucheza ni bure. Wengi wetu hujiita makocha, lakini kazi yenyewe ni kubashiri. Dunia nzima iko kwenye jedwali moja kubwa ambalo halina maana kwa mtu. Raha iko kwenye ligi ndogo za watu binafsi, na humo huingii bila kodi.

Kodi ya kwanza ilitoka kwa tuliosoma nao chuo. Kiingilio shilingi 20,000, zinatumwa kwa mweka hazina, bingwa anachukua zote Mei. Msimu mmoja nyuma mweka hazina "alipoteza laini" mwezi Aprili, ila tuliambiwa huyu wa sasa ni mwaminifu. Ya pili ilitumwa na mtu nisiyemfahamu, kwenye kundi lenye watu maelfu, na ukiingia unakuta ligi ni chambo tu: biashara yenyewe ni kuuziwa mikeka ya "uhakika". Ya tatu ilikuwa ya nyumbani. Mwalimu mstaafu mmoja wa Kisiwani, vijana wawili wa bodaboda wa stendi, binti wa duka la dawa, jumla watu saba. Bure. Na ligi za bure huwa zinakufa Oktoba, kila mtu anajua.

Ningechagua kwa dakika tano kama si mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Alikuwa nyumbani tangu Machi. Mwaka wa pili chuoni alikula boom lote kwenye mikeka, kisha akala na ada, na ada hiyo ilitoka kwenye tangawizi ile ile iliyokuwa inachambuliwa barazani. Ameahirisha mwaka. Anasoma takwimu, msicheke. Aliniona na simu akauliza, kwa sauti ya chini, "Dada, na mimi naweza kuingia?"

Sasa kodi ya baba mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 machifu wa Upare, wakiungwa mkono na serikali ya Mwingereza, walileta kodi waliyoiita mbiru, jina lililotokana na ushuru wa zamani wa watawala. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa wote. Mbiru ilifuata mali ya mtu. Ukiisoma kwenye karatasi ni haki tupu. Shida ilikuwa namna ya kuipima mali yenyewe: wakadiriaji walitazama ng'ombe, wakatazama kahawa, kisha wakakisia. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia kwenye ugomvi. Kulipa kodi hawakukataa. Walikataa kukisiwa. Hatimaye mbiru ikaondolewa, na Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, akaiandikia kitabu mwaka 1971.

Nilipoisoma chuoni niliiweka kwenye fungu la siasa na harakati. Siku ile barazani ilinijia kama historia ya ubashiri: nani anakisia, na akikosea nani analipa.

Ukiwa na swali hilo mkononi, historia ya kubashiri mpira inasomeka vingine kabisa. Mwaka 1923 kijana mmoja, John Moores, na wenzake wawili walichapisha kuponi 4,000 wakazigawa nje ya uwanja wa Old Trafford. Zilirudi 35. Huo ndio mwanzo wa Littlewoods, kampuni ya pools iliyokuja kumtajirisha Moores. Mchezaji alijaza mechi alizodhani zitaisha sare, akatuma kuponi kwa posta, akasubiri matokeo redioni. Kiini chake ni kwamba fedha za wote zilikusanywa kwenye chungu kimoja, kampuni ikakata yake, na waliopatia wakagawana kilichobaki. Ulikuwa unashindana na wabashiri wenzako.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1962/63. Theluji ilifunika Uingereza wiki kwa wiki, mechi zikaahirishwa, kuponi zikakosa matokeo. Dawa waliyoipata bado inanichekesha: tarehe 26 Januari 1963 walikaa wazee watano, wanasoka wa zamani Tom Finney, Tommy Lawton, Ted Drake na George Young pamoja na mwamuzi Arthur Ellis, chini ya mwenyekiti ambaye ni Lord, wakakisia matokeo ya mechi ambazo hazikuchezwa. Na makisio yao yakahesabiwa. Watu walilipwa, na wengine wakakosa, kwa mabao ambayo hakuna mguu uliyafunga. Nilipomsimulia baba mdogo alisema hao wangeletwa Same mwaka 1945 wangerudi kwao kwa miguu.

Huku kwetu sheria ya pools na bahati nasibu ilitungwa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, jambo ambalo walimu wetu wa historia hawakulitaja hata mara moja. Mwaka 1974 ikafuata sheria ya bahati nasibu ya taifa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ikaunda Bodi inayotoa leseni hadi leo. Lakini kilichobadilisha maisha ya mdogo wangu hakikuandikwa bungeni. Mwaka 2008 M-Pesa iliingia Tanzania, na taratibu kibanda cha kubashiri kikahamia mfukoni.

Humo mfukoni chungu cha pamoja hakipo tena. Kampuni inakupangia odi, wewe unashindana nayo. Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha hesabu, kwa penseli, nyuma ya risiti ya dawa ya mifugo. Chukua mechi yenye odi 2.50 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 2.80 kwa wageni. Gawa moja kwa kila odi, jumlisha: 0.40, 0.31 na 0.36, unapata kama 1.07. Mechi ya haki ingetoa 1 kamili. Hiyo ziada ni ya mwenye duka. Sasa suka mkeka wa mechi 10 za namna hiyo, ziada inajizidisha mara kumi, na kwa wastani kila shilingi 100 unayoweka inabaki na thamani ya kama 51 kabla mpira haujaanza. Na matokeo yanayowezekana kwa mechi hizo 10 ni 59,049.

"Ulikuwa unajua hivi wakati unabeti?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nafundisha wenzangu."

Sikuwa na la kusema. Nilidhani elimu ni kinga, na nadhani hata baba mdogo alidhani hivyo, ndiyo maana aliuza tangawizi.

Marekani, ambako mechi za vyuo vikuu hujaza viwanja vya watu laki moja, sheria ya 1992 iliyazuia majimbo karibu yote kuruhusu kamari ya michezo. Lakini kubashiri hakukukoma. Watu wa ofisi moja, au waliosoma chuo kimoja, waliendelea kushindana kwa karatasi na baadaye kwa intaneti. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo, na kampuni zikaingia simuni kama kwetu. Sisi ngazi ya ligi za ofisini tuliiruka.

Basi nikaingia kwa kodi ya tatu. Hofu ya Oktoba ilikuwepo, na baba mdogo ndiye aliyeitatua, kwa msaragambo. Kwenye kazi ya pamoja milimani, kusafisha ndiva au mifereji, hakuna anayelipwa kwa kuja. Kuna anayetozwa kwa kutokuja. Akapendekeza zawadi zisiwepo, iwepo faini: anayeshika mkia kila wiki analeta chupa ya chai ya tangawizi barazani Jumapili, na asiyepanga timu anahesabiwa mkia moja kwa moja. Mwalimu mstaafu aliafiki kwa sauti ya simu ya dakika nne. Kisha baba mdogo akadai na yeye asajiliwe, maana mchezo wa bure Mpare hauachi.

Jumamosi, nahodha ilibidi wawekwe kabla ya saa saba mchana. Mdogo wangu alibadilisha wake mara tatu, na nilipoinama kumsaidia niliona programu ya kubeti bado ipo kwenye simu yake, ukurasa wa pili, pembeni ya kikokotoo. Aliona kwamba nimeona. Hatukusema kitu, tukaenda kibanda umiza kuangalia mechi.

Wiki ya kwanza baba mdogo alishika mkia. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku: amekata rufaa kwa mwalimu, kwa maandishi, akidai pasi moja ya bao haikuhesabiwa, na chai hajaleta.