Fahamu muundo wa rekodi za nakala rudufu unaosomeka na mifumo ya zamani na mipya

Nakala rudufu ni nakala ya pili ya mafaili ya kompyuta, inayotunzwa mbali na mahali yanapotumika kila siku, ili taarifa ziweze kurejeshwa pale mafaili ya asili yanapoharibika, kufutwa kwa bahati mbaya au kupotea. Umuhimu wake unafahamika kwa wakaazi wa Unguja, ambao kuanzia tarehe 10 Disemba 2009 walikosa kwa takriban miezi mitatu umeme unaotoka Tanzania Bara kupitia waya wa chini ya bahari.

Hata hivyo, kuwa na nakala ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kuwa nakala hiyo itasomeka miaka ishirini au thelathini ijayo, wakati kompyuta na programu zilizoitengeneza zimeshaondoka.

Zanzibar ina mfano wake. Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizopo Kilimani, zinatunza mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioingizwa mwaka 2003 katika Orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati za Kirumi kuenea mashuleni na maofisini. Leo barua ya zamani ya Mji Mkongwe inaweza kuwa nzima, karatasi na wino wake vikiwa salama, lakini kijana aliyesoma hati za Kirumi pekee asiweze kuisoma. Waraka haukupotea, kilichopotea ni njia ya kuusoma. Jambo hilo hilo huwapata mafaili ya kompyuta, tena kwa muda mfupi zaidi.

Rekodi ya nakala rudufu

Programu ya nakala rudufu hukusanya mafaili mengi na kuyapanga mfululizo ndani ya faili moja kubwa. Kila faili hutanguliwa na kichwa, yaani maelezo mafupi ya jina lake, ukubwa wake, mmiliki wake na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho. Kichwa na yaliyomo kwa pamoja ndiyo rekodi. Mpangilio wa maelezo hayo ndio unaoitwa muundo wa rekodi.

Muundo mmoja unaojulikana sana ni ule wa programu ya tar, iliyotolewa pamoja na Toleo la 7 la mfumo wa Unix mwaka 1979 kwa ajili ya mikanda ya sumaku. Kichwa chake kina baiti 512, lakini ni baiti 257 za mwanzo tu zilizotumika. Zilizobaki ziliachwa wazi. Jina la faili lilipewa baiti 100, na ukubwa wake uliandikwa kwa tarakimu 11 za kizio cha nane, hivyo faili halikuweza kufikia gigabaiti 8.

Namna muundo ulivyopanuliwa

Mahitaji yalipokua, wataalamu hawakuufuta muundo wa zamani. Mwaka 1988 kiwango cha POSIX kiliweka maelezo mapya katika sehemu iliyokuwa wazi, likiwemo neno “ustar” la kuutambulisha muundo mpya, pamoja na baiti 155 za kuongeza urefu wa jina. Sehemu za zamani zilibaki pale pale.

Mwaka 2001 iliongezwa njia nyingine, iitwayo pax. Maelezo yasiyoenea katika kichwa huandikwa katika rekodi ya ziada inayotangulia faili lenyewe. Kila mstari huanza na urefu wake, ukifuatiwa na jina la kipengele, alama ya usawa na thamani, kama ifuatavyo:

18 path=barua.pdf

Namba 18 ni idadi ya baiti zote za mstari, pamoja na tarakimu zenyewe na alama ya mwisho wa mstari. Kwa kuwa urefu unajulikana, programu inaweza kuruka kipengele isichokifahamu na kuendelea. Majina huandikwa kwa Unicode, hivyo jina la faili lenye herufi za Kiarabu huhifadhiwa kama lilivyo.

Programu ya zamani inapokutana na rekodi hiyo ya ziada huichukulia kuwa faili la kawaida na kuitoa kama faili dogo la maandishi. Jina refu linaweza kukatwa, lakini mtumiaji atalikuta likiwa kamili ndani ya faili hilo. Upo pia mpaka wa uwezo huo: faili la gigabaiti 8 au zaidi halitasomeka ipasavyo kwa programu isiyojua maelezo ya ziada.

Mambo ya kuzingatia

Taasisi inayoandaa au kununua mfumo wa nakala rudufu inashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Muundo uwe wa wazi na uliochapishwa, usiomilikiwa na muuzaji mmoja.

2. Sehemu iliyokwishapewa maana isibadilishwe maana. Jambo jipya lipewe nafasi mpya.

3. Kila rekodi itaje urefu wake, ili isiyofahamika iweze kurukwa.

4. Yaliyomo yahakikiwe kwa njia nyengine, kwani jumla ya kuhakiki ya tar hukagua kichwa pekee.

5. Urejeshaji ujaribiwe mara kwa mara, ikiwemo kufungua nakala za miaka ya nyuma kwa programu ya sasa.

Cheti cha kuzaliwa, hati ya ardhi na kumbukumbu ya utumishi huhitajika hata baada ya miaka hamsini. Siku mwananchi atakapokuja kuulizia haki yake, haitatosha kumwambia kuwa nakala ipo. Itabidi ifunguliwe na isomwe mbele yake.