Dawa Iliyowasha: Historia ya Kilio cha Wagonjwa Kanda ya Ziwa

Watanzania wengi waliougua malaria kabla ya mwaka 2001 wanaikumbuka klorokwini kwa mambo mawili: uchungu wake mdomoni na kuwashwa kulikofuata. Saa chache baada ya kumeza vidonge, viganja, nyayo na ngozi ya kichwa vilianza kuwasha kana kwamba mtu amepita kwenye upupu, na mateso hayo yaliweza kuendelea siku moja, mbili, hata tatu. Kwa watu wa Mwanza, Sengerema, Magu na visiwa vya Ukerewe, ambako malaria ilikuwepo mwaka mzima, hiyo ilikuwa adha ya kujirudia. Aliyelalamika alipewa moja ya majibu mawili: ama aliambiwa avumilie, ama aliambiwa ana aleji, yaani mzio. Historia ya dawa katika ukanda huu inaonyesha kwamba majibu yote mawili yalikuwa na kasoro, na kwamba kasoro hizo zimeligharimu taifa. Hoja ya makala haya ni kwamba kinga ya kwanza dhidi ya mzio wa dawa ni kumsikiliza mgonjwa, kumwamini, na kisha kupambanua kilichompata.

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokiona kitu kisicho na madhara kuwa adui. Mwili hukutana nacho mara ya kwanza kimyakimya, hutengeneza askari wa kukitambua, na kinapoingia tena askari hao huamsha seli zinazomwaga histamini na kemikali nyingine. Hapo ndipo hutokea mabaka yanayovimba, mafua, macho kuwasha, midomo kufura, kifua kubana. Klorokwini haikufuata njia hiyo. Wengi waliowashwa hawakuwa na kipele hata kimoja, na Piriton, dawa inayozuia histamini, iliwasaidia kidogo au haikuwasaidia kabisa. Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na mkemia Hans Andersag, ikasambaa duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya malalamiko ya Waafrika kuingia katika majarida ya kitabibu. Madaktari Ekpechi na Okoro wa Nigeria waliyaeleza mwaka 1964. Sababu yake ilifafanuliwa mwaka 2009, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipoonyesha kwamba klorokwini hugusa moja kwa moja vipokezi vilivyoko kwenye mishipa ya fahamu inayobeba hisia ya mwasho. Waliowashwa hawakuwa na mzio, wala hawakuwa wakijidekeza. Dawa ilikuwa ikiwasha kweli.

Madhara ya kutoaminiwa hayakuishia kwenye ngozi. Mtu anayejua kwamba kidonge kitamkosesha usingizi hutafuta namna ya kukikwepa: humeza dozi ya siku ya kwanza na kuacha zilizobaki, au hungoja homa ipande ndipo ameze. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba watafiti walilifuatilia Dar es Salaam na mwaka 1991 wakachapisha matokeo kuhusu jinsi mwasho ulivyoathiri matumizi ya klorokwini katika vita dhidi ya malaria. Haitakuwa haki kusema kwamba mwasho ndio ulioiua klorokwini, kwa sababu usugu wa vimelea ulianzia mbali na Afrika na ulikuwa na visababishi vingi. Lakini dozi zisizokamilika huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa, na mfumo uliowaambia wagonjwa wavumilie ulijinyima habari muhimu kuhusu dozi hizo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 klorokwini ilikuwa ikishindwa kwa takribani nusu ya wagonjwa waliofuatiliwa nchini, na Agosti 2001 serikali ikaiweka kando na kuleta SP, ambayo wengi waliifahamu kwa jina la Fansidar.

SP ilileta kosa la upande wa pili. Ndani yake mna salfa, na salfa ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuleta mzio wa kweli, tena ule wa hatari. Madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, waliueleza mwaka 1922 ugonjwa unaobeba majina yao hadi leo: homa, malengelenge, vidonda mdomoni na machoni, kisha ngozi kubabuka kama ya mtu aliyeungua moto. Miaka ya 1980 wasafiri wa Kimarekani waliokuwa wakimeza Fansidar kila wiki ili kujikinga na malaria walikufa kwa kiwango kilichokadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 11,000 hadi 25,000. Kwa mgonjwa anayemeza dozi moja ya tiba hatari ni ndogo zaidi, na tofauti hiyo ndiyo iliyohitaji kuelezwa kwa lugha nyepesi. Haikuelezwa vya kutosha. Habari za watu waliobabuka zilitembea kwa kasi kuliko maelezo ya wataalamu, na watu waliozoea kuambiwa kwamba mwasho si kitu hawakuwa na sababu ya kuamini walipoambiwa kwamba mara hii pia hakuna tatizo. SP ilihudumu kwa miaka michache kabla ya dawa mseto ya ALu kuchukua nafasi yake kuanzia mwisho wa 2006. Hadi leo SP hutolewa kliniki kuwakinga wajawazito, na huokoa maisha. Mama mwenye mzio wa salfa hapaswi kuimeza, naye atajulikana tu akiulizwa.

Mfano mzito zaidi unatoka kwenye kifua kikuu, na hapa ukanda wa ziwa ulikuwa mstari wa mbele. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo, ulisifiwa duniani kwa kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wake kwa tiba ya miezi 8. Miezi 6 ya mwisho ya tiba hiyo ilitegemea kidonge cha bei nafuu chenye thiasetazoni. Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na Mwanza haikuchelewa kufikiwa. Wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya UKIMWI walianza kubabuka ngozi kwa namna ambayo haikuzoeleka. Mwaka 1991 utafiti wa Nairobi uliweka namba: kati ya waliotumia thiasetazoni, asilimia 20 ya wenye virusi walipata mzio wa ngozi, ikilinganishwa na asilimia 1 ya wasio navyo. Katika miaka ya 1990 dawa hiyo iliondolewa hatua kwa hatua na ethambutoli ikaingia badala yake. Hapa mfumo ulifanya jambo sahihi: wauguzi na madaktari waliona, wakaandika, wakahesabu, na sera ikabadilika. Somo hilo lilitumika dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kitaifa mwaka 2004. Nevirapini, iliyojulikana kwa kuleta vipele, ilianzwa kwa nusu dozi kwa siku 14 ili kupunguza hatari, na wagonjwa waliambiwa mapema dalili za kuziangalia.

Wapo wanaosema kwamba kuyataja madhara hadharani ni kuwatisha watu waache dawa. Hofu hiyo haipuuzwi, kwa kuwa malaria, kifua kikuu na kichocho vimeua watu wengi mno kuliko mzio wa dawa za kuvitibu. Lakini ushahidi tulio nao unaelekea upande mwingine. Mwaka 2008 watoto wa shule mkoani Morogoro walipewa dawa za kichocho na minyoo. Baadhi wakapatwa na kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na wazazi ambao hawakuwa wameandaliwa waliamini watoto wao wamewekewa sumu. Ghasia zikazuka na ugawaji ukasimama. Dalili hizo hutarajiwa kwa prazikwanteli, hasa kwa mtoto mwenye minyoo mingi au aliyeimeza akiwa na njaa. Nyingi hutokana na minyoo inayokufa ndani ya mwili, nazo hupita. Kwa mialo ya Ziwa Victoria, ambako kichocho kimezoeleka na dawa hiyo hugawiwa mara kwa mara, jambo hili ni la kila mwaka. Mzazi aliyeambiwa jana kwamba mwanawe huenda akaumwa tumbo, na kwamba ale kwanza, hatashtuka kesho. Aliyefichwa ndiye anayeanzisha uvumi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: tukiwaamini wagonjwa wote wanaosema wana aleji, tutajinyima dawa bora bila sababu. Ni kweli. Katika nchi zenye vipimo, takribani watu tisa kati ya kumi walioandikiwa kwamba wana mzio wa penisilini hubainika, wakipimwa vizuri, kuwa wanaweza kuitumia salama. Kuhara, kichefuchefu, au vipele vilivyoletwa na ugonjwa wenyewe huhesabiwa kimakosa kuwa mzio, na mgonjwa hupewa dawa ghali zaidi au dhaifu zaidi maisha yake yote. Ndiyo maana kuamini peke yake hakutoshi. Mgonjwa anayesema dawa fulani ilimdhuru anastahili maswali manne: ilikuwa dawa gani, dalili zilianza baada ya muda gani, zilikuwa zipi hasa, na je, amewahi kuimeza tena? Majibu hayo hayagharimu fedha wala hayahitaji maabara, nayo hutenganisha mwasho wa klorokwini, tumbo la prazikwanteli na mzio wa kweli wa salfa.

Tofauti hizo zinaweza kujifunzwa na kila familia. Mabaka ya kuvimba na mwasho bila shida ya kupumua ni ishara ya kusimamisha dawa, kumwona mtaalamu, na kutumia dawa ya kuzuia histamini kama cetirizine au Piriton. Midomo au ulimi kufura, kukohoa na kukoroma kifua, kizunguzungu au kuzimia ndani ya dakika chache hadi saa chache ni dharura: tiba yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na haipaswi kungoja Piriton ifanye kazi. Kwa kisiwa ambacho hospitali iko ng'ambo ya maji, sindano hiyo ikikosekana zahanati, safari ya mtumbwi haitaziba pengo lake. Homa yenye malengelenge, vidonda mdomoni au macho mekundu, ikitokea siku kadhaa au wiki kadhaa baada ya kuanza dawa mpya, ina maana moja: acha dawa hiyo mara moja na wahi hospitali kubwa; kwa Kanda ya Ziwa, mwisho wa rufaa ni Hospitali ya Bugando, inayohudumu tangu 1971. Aliyewahi kupata hali hiyo asiionje tena dawa husika, hata nusu kidonge.

Kinga ya mambo haya yote ni karatasi. Jina la dawa iliyomdhuru mtu liandikwe kwenye daftari lake la kliniki, lisomwe kila anapotibiwa, na litajwe kwenye duka la dawa, maana dawa za jamii ileile ya salfa zimo ndani ya Septrin na ndani ya SP, na muuzaji asiyeambiwa hawezi kujua. Tanzania iliingia katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, na leo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye ofisi Mwanza, hupokea taarifa hizo kupitia fomu ya njano. Fomu moja iliyojazwa kwenye kisiwa cha Ukara au Kome haibadilishi sera, lakini thiasetazoni iliondoka kwa sababu taarifa za namna hiyo zilikusanywa zikahesabiwa. Klorokwini iliwasha watu kwa miongo mingi bila hesabu kama hiyo, na tukaishia kuwalaumu wagonjwa kwa kutomaliza dozi. Dawa mpya zitaendelea kuja, za malaria, za kisukari, za saratani, na baadhi zitawadhuru wachache miongoni mwetu. Wachache hao wasikilizwe tangu siku ya kwanza, na malalamiko yao yaandikwe kwa uzito uleule tunaoupa matokeo ya maabara.