Ijue seva yako kabla haijakuumbua: namna ya kusoma mazingira ya programu

Wiki iliyopita kuna ndugu aliuliza: "Programu inafanya kazi vizuri kwangu, nikiipandisha kwenye seva inaleta vituko. Nifanyeje?" Nimeona nijibu kwa mada nzima, manake na mimi yalinikuta.

Msimu mmoja nilitengeneza kiprogramu cha PHP cha kurekodi mizani ya kahawa ya maganda kwa kikundi fulani cha wakulima. Mkulima anapima, karani anaingiza kilo, programu inaangalia tarehe na kuweka bei ya siku hiyo. Kwenye kompyuta ya kafe kilikwenda safi. Nikakipandisha kwenye seva ya kukodi. Jumatatu moja bei ikapanda. Mzee mmoja alipima saa mbili asubuhi, akalipwa bei ya zamani. Akaja na karatasi yake: "Kijana, hapa umeandika nimepima Jumapili saa nne usiku. Jumapili usiku mimi nilikuwa nimelala!"

Kumbe seva ilikuwa Marekani, inatumia saa za Los Angeles, ambazo miezi ile zilikuwa nyuma yetu saa 10. Kila aliyepima kabla ya saa nne asubuhi alihesabiwa wa jana. Mstari mmoja wa kodi ungeniambia hayo siku ya kwanza.

MAZINGIRA YA PROGRAMU NI NINI?

Programu haiishi peke yake. Inapofanya kazi inategemea vitu vilivyoizunguka: toleo la lugha (PHP au Java), mfumo endeshi (Linux au Windows), kumbukumbu iliyopewa, saa za eneo, folda ya mafaili, na vigezo vya mazingira, yaani majina na thamani ambazo mwenye seva ameziweka nje ya kodi yako. Ukihama mashine, kodi ni ileile ila hivyo vyote vinaweza kubadilika. Ndiyo maana inagoma.

KWENYE PHP

phpversion() inakupa toleo. PHP_OS inakupa mfumo endeshi. memory_get_usage() inakuonyesha kumbukumbu inayotumika. getenv('JINA') inasoma kigezo cha mazingira. Ile iliyoniponza mimi ni date_default_timezone_get(). Dawa yake ni kuandika mwanzoni mwa programu:

date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');

Ukitumia fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha simamishwa na wewe unajaza kuta tu, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Laravel kwa mfano, App::environment() inakuambia kama uko kwenye majaribio au kazini. Kuanzia toleo la 9 kuna amri php artisan about inayokumwagia karibu kila kitu kwa mkupuo.

KWENYE JAVA

System.getProperty("java.version") inatoa toleo. Angalia mtego: Java 8 inajitaja 1.8, lakini Java 11 inajitaja 11. Ukilinganisha namba bila kujua hilo utachanganyikiwa. System.getenv("JINA") inasoma kigezo. TimeZone.getDefault().getID() inataja saa za eneo.

Kumbukumbu ndiyo inawadanganya wengi. Runtime.getRuntime().freeMemory() ikitoa namba ndogo watu wanaogopa. Hiyo ni nafasi tupu ndani ya kile ambacho Java imeshachukua mpaka sasa, si yote iliyoruhusiwa. Kujua iliyobaki kweli, chukua maxMemory(), toa totalMemory(), halafu jumlisha freeMemory().

MFANO WA NYUMBANI: MTUHA

Ukienda zahanati yoyote utaona vile vitabu vikubwa vya MTUHA. Takwimu zake huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa bure ulioandikwa kwa Java na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kazi hiyo mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990. Kenya waliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na kwetu Tanzania ukafuata, huku watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki.

Ndani ya DHIS2, hizi taarifa zina anwani yake. Ukiwa umeingia kwa jina lako la mtumiaji, mbele ya anwani ya seva ongeza /api/system/info. Utapata toleo la mfumo, tarehe na saa ya seva (serverDate), saa za eneo (serverTimeZoneId), na lastAnalyticsTableSuccess. Hiyo ya mwisho ishike. Majedwali ya grafu hayajengwi kila unapobonyeza, kwa kawaida hujengwa usiku. Muuguzi akiingiza takwimu asubuhi, mchana grafu ikakaa vilevile, si lazima zimepotea. Linganisha saa hiyo na saa aliyoingiza, utajua kama ni kusubiri au ni tatizo. Bila kujua hilo mtu anaweza kukaa akiingiza upya kazi ya siku nzima bure.

Mwenye mamlaka makubwa kwenye mfumo anaona zaidi: toleo la Java, kumbukumbu, hifadhidata, na folda inayotajwa na kigezo DHIS2_HOME, ambamo hukaa faili la dhis.conf. Mtumiaji wa kawaida hayo anafichwa, na ni sawasawa.

TAHADHARI

Taarifa hizi ni kama ramani ya nyumba yako. Wengi wanapandisha faili lenye phpinfo() kwa majaribio halafu wanalisahau. Mwizi akilipata anajua toleo lako, na udhaifu wa toleo hilo anautafuta mwenyewe. Ukimaliza, futa. Laravel ikiwa kazini hakikisha APP_DEBUG ni false, la sivyo kosa dogo tu linaanika mambo ya ndani. Na ukiwa kafe usiache ukurasa huo wazi ukainuka. Ukiomba msaada, nakili mistari inayohusika tu, nywila usiiweke.

KWA KIFUPI

Kabla hujakabidhi programu kwa mtu, andika ukurasa mmoja wenye nywila unaoonyesha vitu vinne: toleo, mfumo endeshi, kumbukumbu, saa ya seva. Angalia saa ya seva, halafu angalia saa ya ukutani. Ni dakika moja.

Yule mzee tulimrekebishia. Niliongeza saa 10 kwenye rekodi zote za nyuma, tukakuta na wengine waliopunjwa, wakalipwa tofauti yao. Ila mpaka leo nikipita ananiuliza: "Kijana, leo ni siku gani?"

Haya wadau, nani mwingine seva imeshamuumbua? Tupeane uzoefu hapo chini.